"Mwanangu Ameitwa JKT": Gwanda, Chuo na Siasa katika Nyumba za Kibiti na Delta

Miaka miwili iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja alikaa kwenye baraza ya msikiti wetu hapa Kibiti akingoja watu watawanyike. Alikuwa ametoka visiwani, upande wa delta. Alfajiri alipanda boti mpaka Nyamisati, kisha akapanda gari mpaka mjini. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilipomwamkia aliitikia kwa upole, akanikabidhi ile karatasi.

"Katibu mwanangu, nisomee vizuri. Nimesomewa na watu watatu, na kila mmoja ananiambia lake."

Nikaisoma. Mwanawe wa kwanza, aliyekuwa amemaliza Kidato cha Sita, alikuwa miongoni mwa vijana walioitwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Kambi aliyopangiwa ilikuwa mkoani Kigoma. Vitu vya kuchukua viliorodheshwa: bukta ya bluu iliyokolea, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu, soksi nyeusi, nguo za baridi, nyaraka za mtihani na nauli. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sijaacha kulifikiria:

"Hilo gwanda nililolikimbia na wanangu usiku, leo ndilo mwanangu akalivae?"

Ndugu msomaji, makala haya ni jaribio la kumjibu mama yule. Nimechelewa kuyaandika kwa sababu jibu halikukamilika siku ile pale barazani. Limekamilika kidogo kidogo kwa kumtazama kijana mwenyewe, alivyokwenda kambini, alivyoingia chuo kikuu, na alivyokutana huko na jambo ambalo mama hakuliwaza kabisa wakati ule, nalo ni siasa.

Hofu yenye sababu

Wasomaji walio mbali huenda wamesahau, lakini sisi hatujasahau. Mwaka 2016 na 2017, katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji, watu wenye silaha waliwaua wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa chama tawala na askari. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliviziwa na kuuawa katika eneo la Mkengeni. Waliokufa katika kipindi kile walizidi 30. Vyombo vya dola vikaingia kwa nguvu kuwasaka wahalifu, na raia wakajikuta katikati.

Mimi wakati ule nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuoni muda si mrefu. Nakumbuka swala ya Isha ilivyopungua hata tukabaki safu moja. Nakumbuka pikipiki kunyamaza jua linapozama. Nakumbuka mashamba ya mpunga yaliyokosa walinzi, madungu yakabaki matupu na nguruwe wakajilia. Mtu akisikia mlio wa buti hakuuliza ni buti la nani. Zipo familia zilizozika, na zipo zinazosema mpaka leo kwamba zinangoja habari ya mtu wao. Kijana mwenye ndevu na kanzu alitazamwa kwa shaka, hata kama hakuwa na lolote ila msahafu wake.

Kwa hiyo mzazi wa delta anaposita kumpeleka mwanawe jeshini, asiitwe mjinga wala adui wa nchi. Ana kumbukumbu. Ardhi hii yenyewe ina kumbukumbu ndefu zaidi. Kinjikitile Ngwale, aliyewagawia watu maji huko Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani pale Mohoro mwaka 1905. Miaka 10 baadaye manowari yao, Königsberg, ilizama ndani ya delta yetu katika vita ambavyo babu zetu hawakuvianzisha, ingawa walibebeshwa mizigo yake. Mara nyingi mwenye silaha alikuja huku akitokea kwingine.

Nilimwambia mama yule kwamba hofu yake ina sababu. Kisha nikamwambia la pili, ambalo lilikuwa gumu zaidi kulisema: iwapo vijana wetu wote watakaa mbali na gwanda, basi kila atakayekuja huku na gwanda atakuwa mgeni asiyeijua lugha yetu, misikiti yetu wala njia zetu za maji.

Wito huu ulianzia wapi

JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mwanzoni vijana walijitolea. Mwaka 1966 Serikali iliamua kwamba wahitimu wa Kidato cha Sita na wa vyuo walazimike kulitumikia taifa kwa miaka miwili. Miezi michache wangekaa kambini, na kwa miezi 18 iliyobaki wangefanya kazi zao huku asilimia 60 ya mshahara ikikatwa.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, walipinga. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao, wakaelekea Ikulu. Miongoni mwa mabango yao lilikuwapo lililodai kwamba hali ilikuwa afadhali zama za ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawakemea na kuwarudisha makwao wanafunzi wapatao 400. Siku ile ile alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa wengine ikapunguzwa. Mwezi Februari mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha. Wengi wa wanafunzi wale walirudishwa chuoni baadaye.

Tukio lile nalitaja kwa kuwa lina mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba gwanda, chuo na siasa havijapata kutengana katika nchi hii. La pili ni kwamba wasomi wale walikuwa na hoja, lakini waliisema kwa namna iliyomfanya mkulima aliyekuwa akiwalipia masomo ajione ametukanwa. Haki ikidaiwa kwa kiburi hugeuka kuwa dhuluma machoni pa watu.

Utaratibu wa lazima uliendelea mpaka ukasitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013. Katika miaka ya karibuni kijana wa mujibu wa sheria hukaa kambini kwa takribani miezi mitatu, kati ya kumaliza Kidato cha Sita na kufunguliwa kwa vyuo vikuu. Hapa kwetu Kibiti pia ipo kambi ya JKT, na kila mwaka tunawaona watoto wa mikoa mingine wakishuka na mabegi yao, macho yamewatoka. Na wao wana mama zao huko walikotoka.

Miezi mitatu ya kuruta

Kijana alikwenda. Mama aliuza nazi na kamba wakavu, jamaa wa msikiti wakachangia nauli, na mjomba mmoja akatoa koti lake la baridi. Kigoma na delta ni ncha mbili za nchi. Mtoto aliyekulia kwenye mikoko alikuwa anakwenda kulala kando ya ziwa.

Aliporudi alinisimulia pale pale barazani. Kuamka saa kumi za alfajiri hakukumtesa, maana chuoni kwetu madrasa alikuwa ameshazoea. "Ustadhi," alisema, "mwezi wa kwanza nilikuwa naswali Alfajiri kwa wakati kuliko nilivyokuwa nyumbani." Kilichomtesa ni mchakamchaka, jua la kwata, na kula haraka kabla filimbi haijalia. Walilima, walijenga, walifundishwa kutumia silaha na kulenga shabaha, walifundishwa historia ya nchi na uzalendo. Hangani alilala kati ya Msukuma na Mchaga. Mmoja alikuwa hajapata kumwona Mrufiji, na alichokijua kuhusu Kibiti ni mauaji tu.

"Siku ya kwanza aliniuliza kama kwetu watu bado wanauawa. Siku ya mwisho alinipa namba ya simu ya baba yake, akasema nikipita kwao nisilale hotelini."

Kuhusu swala, alisema Adhuhuri na Alasiri ndizo zilizohitaji maarifa. Alimwendea kiongozi wa platuni yao, ambaye si Muislamu, akamweleza kwa adabu nyakati za swala na kwamba kila moja huchukua dakika chache. Afande yule alimtazama kitambo, akamwambia awakusanye wenzake wenye shida hiyo ili waombe kwa pamoja, asije kila mtu peke yake. Wakajikuta ni 11. Tangu hapo walipewa nafasi wakati wa mapumziko, nao wakahakikisha hawachelewi hata mara moja, maana mmoja akichelewa angewaharibia wote.

Hapa nawaeleza wazazi jambo la fiqhi, kwa sababu huulizwa sana. Katika madhehebu ya Imam Shafii, yafuatwayo na wengi wetu mwambao, msafiri aliyenuia kukaa mahali siku nne au zaidi, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, huswali swala kamili. Kijana aliyeko kambini kwa miezi mitatu hapunguzi rakaa wala hakusanyi kwa sababu ya safari. Maji yakikosekana ipo tayamamu. Ijumaa aombe ruhusa mapema. Akizuiwa na kazi ya ulinzi ambayo haiwezi kuachwa, huo ni udhuru, naye ataswali Adhuhuri. Qur'ani katika Sura An-Nisaa imeeleza hata namna ya kuswali mbele ya adui, kundi moja likiswali na jingine likilinda. Basi asidhani mtu kwamba gwanda linaondoa swala, wala asidhani kwamba swala inamwondolea askari zamu yake.

Wazazi wa mabinti wana swali la ziada, nalo ni la stara, kwani bukta inayoishia magotini ni mtihani kwa binti wa Kiislamu. Nawashauri wamfungashie suruali ndefu ya michezo ya rangi zinazoruhusiwa, na suala hili lipelekwe kwa uongozi wa kikosi mapema, kwa barua ya heshima, likisindikizwa na wazazi na maimamu. Hoja iliyofika mezani kabla mambo hayajaharibika husikilizwa zaidi kuliko malalamiko ya baadaye.

Chuoni: pale siasa ilipobisha hodi

Kijana aliingia chuo kikuu Dar es Salaam akiwa na mambo mawili moyoni. La kwanza, alitaka kuwa ofisa wa jeshi. Kambini alisikia habari za Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, ambako vijana huingia kama maofisa wanafunzi na hutoka na kamisheni, nyota ya Luteni Usu begani. La pili, alikuwa ameonja utamu wa kusema mbele ya watu na kusikilizwa, tangu siku ile aliposemea kundi la watu 11.

Maisha ya chuo yana uhuru ambao mzazi wa kijijini haujui. Hakuna kengele wala afande. Kijana hupokea bumu lake la mkopo, na ndani ya wiki mbili aweza kulimaliza. Huyu wetu alisaidiwa na nidhamu ya kambi: aliendelea kuamka alfajiri, akawaamsha na wenzake wa chumbani, akajiunga na jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, akapewa kazi ya kupanga darsa. Mwaka wa kwanza haujaisha, wenzake wakamsukuma agombee nafasi katika serikali ya wanafunzi. Akashinda. Akaanza kushughulikia malalamiko ya mikopo iliyochelewa na vyumba vilivyojaa.

Nilipomwona likizo ile, maneno yake yalikuwa yamebadilika. Alizungumzia katiba, bajeti, na kwa nini hospitali haifiki visiwani. Nilifurahi. Mtoto wa delta anayeuliza kwa nini mama mjamzito anasubiri maji yajae ndipo boti itoke, huyo anafanya siasa iliyo njema, na Uislamu haujamkataza.

Lakini chuo ni soko. Palipo na vijana wenye vipaji, hufika wanunuzi. Viongozi wa vijana wa chama kimoja cha siasa walimfuata, wakamwahidi nafasi ya uongozi wa tawi, kadi, na kusemewa kwa wakubwa. Wa chama kingine nao walimfuata wakitumia machungu ya kwao: wewe ni mtoto wa Kibiti, utakaaje kimya? Akanipigia simu usiku. "Ustadhi, nichukue ipi? Na nikichukua, Monduli je?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimwambia aje nyumbani, tusome pamoja.

Gwanda na kadi

Tulianza na historia. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Serikali changa ilitikisika, na ilibidi majeshi ya Uingereza yaitwe kuwanyang'anya silaha. Tarehe 1 Septemba mwaka ule likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, nalo lilijengwa juu ya fikra kwamba askari awe ndani ya chama. Kwa miaka mingi mwanajeshi alikuwa mwanachama, na vikosini walikuwapo makamisaa wa siasa. Katika nchi yenye chama kimoja, gwanda na kadi vilikaa mfuko mmoja.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Rais mstaafu Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga, hapa hapa Mkoa wa Pwani. Akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijishughulisha na uongozi wa wanafunzi. Alihitimu uchumi mwaka 1975, akaingia kazi ya chama, akapata mafunzo ya uofisa Monduli, na baadaye akawa mkufunzi na kamisaa wa siasa pale pale Monduli. Mwanafunzi, askari na mwanasiasa katika mtu mmoja: ndivyo njia ilivyokuwa wakati huo.

Mwaka 1992 nchi ilirudi kwenye vyama vingi, na njia ile ikafungwa. Waliokuwa na miguu katika vyombo viwili walitakiwa wachague. Kikwete alichagua siasa, akastaafu jeshi akiwa Luteni Kanali. Mwaka 2005 akawa Rais.

Kisha tukafungua Katiba, Ibara ya 147. Humo mwanajeshi amekatazwa kujiunga na chama chochote cha siasa, lakini haki yake ya kupiga kura imebaki. Tena Katiba imeeleza mwanajeshi ni nani: ni askari aliyeajiriwa, kwa masharti ya muda au ya kudumu, katika Jeshi la Ulinzi, Polisi, Magereza au JKT. Kijana aliisoma mara mbili, akanyamaza.

Nikamwambia: tazama jinsi ibara hii ilivyo na hekima. Haikumwambia askari asifikiri, wala asijue nchi inavyoendeshwa. Imemwachia kura. Iliyomzuilia ni kadi, kwa sababu mwenye bunduki akiwa na chama, asiye na chama hicho hana amani. Na sisi watu wa Kibiti, kuliko wengine, tunajua thamani ya kumwona askari ambaye hakuulizi wewe ni wa nani.

Kijana wa mujibu wa sheria aliyemaliza miezi yake mitatu na kurudi nyumbani hakuajiriwa. Ni raia kama wengine, na akitaka chama atachagua kwa akili yake. Lakini anayeinuia Monduli ajipime mapema. Hawezi kujenga jina kwenye majukwaa ya chama leo, kisha kesho aape utii usioegemea chama na kutaraji moyo wake ugeuke kwa siku moja.

Khalid aliposhushwa

Tukamalizia na sira, maana huko ndiko kuna mizani yetu. Khalid bin Walid (R.A.) alikuwa jemadari ambaye jina lake lilitangulia majeshi yake. Sayyidna Umar (R.A.) aliposhika ukhalifa alimwondoa katika uamiri jeshi, akamweka Abu Ubayda (R.A.). Khalid alikuwa na askari wanaompenda na ushindi nyuma yake. Angetaka kugawa umma angeweza. Hakufanya hivyo; aliendelea kupigana chini ya amiri mpya. Wanazuoni wameandika mengi juu ya sababu za Umar, lakini mimi huvutwa zaidi na utii wa Khalid. Alijua kwamba upanga ule ulikuwa amana, na mwenye amana hudaiwa.

Na kwa anayeelekea siasa, iko mifano miwili inayoonekana kupingana. Nabii Yusuf (A.S.) aliomba akabidhiwe hazina za nchi, kwa kuwa alijijua ni mlinzi na mjuzi, na njaa ilikuwa inakuja. Abu Dharr (R.A.), mja mwema asiye na shaka, alipoomba uongozi Mtume (S.A.W.) alimgusa begani na kumweleza kwamba yeye ni dhaifu kwa jambo lile, na kwamba uongozi ni amana itakayokuwa majuto Siku ya Kiyama ila kwa aliyeuchukua kwa haki yake na kuutekeleza. Wote wawili walikuwa watu wa Peponi. Kilichotofautiana ni uwezo wa kubeba. Basi swali la kijana wetu lilikuwa moja: wewe waweza kubeba nini?

Alichoamua

Hakuamua siku ile. Alirudi chuoni, na baada ya majuma matatu akanijulisha kwamba amewajibu wote wawili kwa adabu kuwa hatachukua kadi mpaka amalize shahada na kujua iwapo jeshi litamtaka. Nafasi yake katika serikali ya wanafunzi ameendelea nayo, kwa kuwa pale anawatumikia wenzake wote bila kujali chama. Mmoja wa wale viongozi wa vijana alimwita mwoga. Mwingine aliacha kumsalimia. Kijana anasema lililomuuma zaidi ni hili la pili.

Sijui kama atafika Monduli. Nafasi ni chache, na vijana wenye sifa ni wengi. Huenda akaishia kuwa mwalimu, au diwani wa kata yake huko visiwani, na huko pia kuna kheri. Ninachokijua ni kwamba amejifunza kutenganisha mambo mawili ambayo watu wazima wengi huyachanganya: kuijali nchi na kuwa mali ya kundi.

Nasaha kwa wazazi

Kwanza, mtoto akiitwa JKT, msimfiche wala msimtoroshe. Ni sheria, na mzazi anayemfundisha mwanawe kukimbia sheria atakuja kukimbiwa yeye. Kama ana ugonjwa au udhuru, upelekwe kwa maandishi pamoja na vyeti vya daktari.

Pili, mzungumze naye kabla hajaondoka juu ya yaliyotupata. Mtoto wa Kibiti aliyekuwa na miaka 12 wakati ule alisikia mengi akiwa amejifunika shuka. Msimwache abebe machungu hayo peke yake mpaka mtu mwenye nia mbaya aje amsaidie kuyabeba. Mwambieni yaliyotokea kwa ukweli, na mwambieni kwamba dhuluma hailipwi kwa dhuluma.

Tatu, msimkataze kufuatilia siasa kwa kumwambia ni mchezo mchafu. Atafuatilia tu, na hatawaambia. Afadhali aulize mbele ya baba yake, au mbele ya imamu, kuliko kujibiwa na wanaomhitaji kwa wiki moja ya kampeni.

Nne, kamati za misikiti ziwe na kazi katika jambo hili. Sisi hapa tumeanza kukutana kila mwaka na wanaoitwa: kuwasomea orodha ya vitu, kuwafundisha fiqhi ya kambini, na kuwakutanisha na waliowatangulia. Mchango wa nauli kwa mtoto wa visiwani ni sadaka inayokwenda mbali.

Mama yule alikuja tena mwezi uliopita. Safari hii hakuwa na karatasi. Alimletea mwanawe, aliyekuwa akirudi chuoni, mchele na samaki wa kukaanga. Tulipokuwa tukingoja gari la Dar es Salaam nilimuuliza, kwa mzaha kidogo, kama bado analiogopa gwanda.

"Naliogopa," alisema. "Lakini huyu akija kulivaa, nataka awe yule askari anayetoa salamu kabla hajauliza swali."

Kijana aliinama akafunga kamba za raba zake, ingawa zilikuwa zimefungwa. Gari likaja.

Tunamuomba Allah (S.W.) awalinde vijana wetu walioko makambini na vyuoni, awape walinzi wa nchi hii insafu na huruma, awarehemu waliotutoka, na awape subira wanaongoja. Amin.